Mlio wa Saa Kumi na Moja

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanaonijua wananijua hivyo, na sijawahi kubisha. Basi fikiria hali yangu mwaka ule niliporudi kuishi kwa baba, kwenye nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, huku Eastlands, nikiwa na kompyuta kuukuu, modemu ya kisanduku cheusi, na laini ya simu iliyokuwa ikinikatia kila jioni bila kuniambia kosa langu ni lipi.

Nilirudi kwa sababu kampuni niliyokuwa karani wake kule Industrial Area ilipunguza watu, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Siku ya kuagana walitupeleka stoo, kila mtu achague kitu cha kwenda nacho. Wenzangu walichukua viti. Mimi nilichukua kompyuta, maana tayari nilikuwa nimepata kazi ya kufanyia nyumbani. Mhadhiri mmoja wa chuo cha ng'ambo alikuwa amerekodi wazee wakisimulia maisha yao, akataka mtu wa kusikiliza zile kaseti na kuyaandika maneno yao jinsi yalivyotoka, kikohozi na yote. Sharti lake lilikuwa moja. Kila siku, jioni isiishe kabla hajapata kurasa za siku hiyo kwa barua pepe.

Simu ilikuwepo. Baba alikuwa fundi wa simu wa shirika la reli maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alipanga foleni ya miaka kupata laini yake mwenyewe. Ilipokuja ikawa simu ya pekee katika safu yetu ya nyumba. Maana yake ni kwamba ilikuwa simu ya kila mtu. Jirani akifiwa ushago, kijijini kwao, habari ilifikia kwetu. Mtoto wa mtu akijifungua, tuliambiwa sisi kwanza, halafu mmoja wetu akatoka nje na kuita juu ya ua wa michongoma.

Aliyeitikia kwa hamu kuliko wote ni shosho, bibi mzee wa nyumba ya pili. Alikuwa mjane, mtu wa upande wa Murang'a, aliyeuza mitumba Gikomba mpaka miguu ikakataa. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, naye alikwenda ng'ambo akiwa na namba moja mfukoni, namba ya kwetu. Mwaka wa kwanza alipiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mimi wakati huo nilikuwa bado nakaa nyumbani, na kazi ya kumwita mama yake ilikuwa yangu. Shosho alikuja mbio, ndara moja mguuni na nyingine imebaki njiani, na mara nyingi alipoufikisha mkonga sikioni kadi ya simu ya mwanawe ilikuwa imeisha. Nilimwona mara nyingi amesimama sebuleni kwetu akisema "haloo" moja ya ziada kwa simu iliyokwisha kufa. Kisha alimshukuru baba na kurudi kwake taratibu, akiitafuta ile ndara.

Baadaye nilihamia chumba cha kupanga mtaa wa Umoja, na huyo kijana simu zake zikapungua, halafu zikakoma. Niliporudi ilikuwa imetimia miaka minane. Mtaa mzima ulijua shosho anangoja. Ndugu zake walimwomba arudi ushago akapumzike, akakataa katakata. Krismasi haendi popote. Alisema mwanawe ana namba ya hapa tu, na siku atakayopiga lazima amkute.

Sasa nirudi kwa modemu yangu.

Mwanzoni haikuweza hata kupiga namba. Baba akaniambia, "Mama, kituo chetu cha simu ni cha zamani, hakielewi hizo toni za kisasa. Iambie ipige kwa kuhesabu, kama simu ya kuzungusha." Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nikatafuta kwenye mipangilio, nikabadilisha, na kweli ikaanza kupiga. Kwa hilo namshukuru, ingawa shukrani yenyewe haikudumu.

Ilipiga, ikaanza ule mlio wake, kwanza filimbi ndefu, halafu mkwaruzo kama wa sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Mlio ukiisha vizuri, umeingia kwenye intaneti. Wangu haukuisha vizuri. Uliendelea nusu dakika, kisha kimya, na kwenye kioo maandishi kwamba laini imekatika, jaribu tena. Nikajaribu tena. Nikajaribu mpaka sikio likawa linasikia ule mlio hata nikinawa mikono.

Nilifanya yote ambayo mtu hufanya. Nilichomoa nikachomeka. Nilibadilisha waya wa kutoka ukutani. Nilipunguza kasi ya modemu. Nilihamisha meza nzima ili waya usipite karibu na redio. Baba alikuwa nami kila hatua, amenishikia tochi nikiwa nimelala kifudifudi chini ya meza, akisema kwa upole wake, "Hebu angalia tena hiyo plagi, mama." Nami kweli nikaangalia tena hiyo plagi.

Nikaenda Eastleigh kumleta fundi wa kompyuta. Alikuja na begi, akanywa chai, akaisikiliza modemu akiwa ameinamisha kichwa kama daktari, akasema, "Madam, hii imekufa." Nikanunua nyingine. Ile nyingine ikafanya vilevile. Nikamrudia. "Basi ni laini," akasema. "Na mimi si mtu wa laini." Nikahangaika mpaka nikampata mtu wa laini. Alipanda nguzo, akaongea na mwenzake wa kituoni, akashuka akijipangusa mikono na kuniambia, "Laini iko poa. Ni hiyo kompyuta yako." Naye baba akampa chai.

Nilitaka kulia, na siku moja nililia kweli, kwa hasira, nimeshika bisibisi.

Kama karani niliona dawa ni daftari. Nikaandika kila jaribio, siku, saa, na matokeo. Baada ya wiki tatu nikaisoma ile orodha na kuona kitu cha ajabu. Kuna nyakati ilikuwa ikiingia bila shida yoyote, na nyakati zenyewe ni Jumatano alasiri na Jumapili asubuhi. Siku nyingine zote, hasa jioni, hakuna kitu. Nikafikiria labda ofisi fulani hufungwa Jumatano. Nikafikiria ni umeme wa kiwanda. Nilipomwonyesha yule fundi wa Eastleigh lile daftari alicheka mpaka akaketi. "Madam, Jumatano na Jumapili? Modemu yako imeokoka."

Nilimpelekea baba ule utani nikijua atacheka, kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa na anapenda mizaha ya kanisa. Hakucheka. Alichukua mkasi wake wa bustani akaenda kupunguza michongoma, na ua wenyewe ulikuwa umepunguzwa wiki iliyopita.

Mhadhiri naye akaanza kuchoka. Jumatano moja nilifungua barua pepe nikakuta ameandika mistari miwili tu, ya adabu sana, kwamba kama kuna ugumu anaweza kumpa mtu mwingine hizo kaseti. Nikampigia magoti fundi wa Eastleigh. Akanipa shauri la mwisho. Niitoe simu yetu nyuma ya modemu, niichomeke moja kwa moja ukutani pembeni yake, halafu modemu ikiwa inalia niinue mkonga nisikilize. Kama kuna kelele kwenye laini nitaisikia kwa masikio yangu.

Ilikuwa kesho yake, saa kumi na moja jioni, kurasa za siku hiyo ziko tayari. Nikabonyeza. Modemu ikaanza kuhesabu namba, na nikashangaa kusikia kengele ya simu yetu ikidonoa kidogo, ti, ti, ti, kwa kila tarakimu. Wakati imefungwa nyuma ya modemu haikuwahi kufanya hivyo. Mlio ukaanza. Nikainua mkonga.

Ndani ya ule mlio kulikuwa na mtu.

"Haloo? Haloo, mwanangu? Ni mimi mama yako. Usikate, ongea tu, mimi nasikiza."

Mlio ukasita, ukajaribu tena, ukafa. Nikasikia pumzi ya mtu. Halafu ile sauti ikasema polepole, si kwangu wala kwa yeyote, "Imekatika tena." Na mkonga wa upande ule ukashushwa.

Sauti ile naijua. Ndiyo iliyonikataza kukojoa kwenye michongoma yake nilipokuwa na miaka minne.

Nilitoka nje hivyo hivyo, pekupeku. Baba alikuwa kwenye kiti chake kando ya mlango na gazeti. Nikamwuliza, "Baba, shosho ana simu?" Akalikunja gazeti, tena vizuri, mara nne. Akanyanyuka na kunipeleka uani, akafungua michongoma kwa fimbo, akanionyesha. Waya mweusi ulitoka kwenye ukuta wetu, ukapita katikati ya miiba, umefungwa kamba kila hatua moja, kazi safi ya mtu wa reli, ukaingia dirishani kwa shosho.

"Nilichoka kumwona akikimbia," akasema.

Aliuweka mwaka ule niliohamia Umoja. Alimnunulia na simu yenyewe. Hakumwambia mtu, kwa sababu kumgawia mtu laini bila idhini ni kosa, na yeye ni mzee wa kanisa. Kijana alipiga mara mbili tu baada ya hapo. Mara zote mbili mama yake alimpata.

Mimi nilikuwa nimebaki na neno moja. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu siku ya kwanza. Yeye akiinua mkonga mimi nakatika, na wewe fundi wa simu ulijua. Wiki sita umenishikia tochi, baba. Wiki sita nalala chini ya meza na wewe unaniambia niangalie plagi."

"Ungeukata," akasema.

Na kweli ningeukata. Siku ile ya bisibisi ningeukata kwa meno.

Akanieleza yaliyobaki bila kunitazama. Modemu ikihesabu namba, simu ya shosho hudonoa kengele, kama ile yetu ilivyodonoa. Shosho akisikia huinua. Akiinua anaukuta ule mlio. Jumatano alasiri yuko kwenye ushirika wa akina mama kanisani, Jumapili asubuhi yuko ibadani. Siku nyingine zote, kwa miguu yake ile, yuko kwenye kiti kando ya simu. Modemu yangu haikuwa imeokoka. Shosho ndiye aliyekuwa ameokoka.

"Basi ni rahisi," nikasema. "Naenda kumwambia asiinue ikilia hivyo. Nimwambie ni kompyuta."

Baba akaurudisha waya ndani ya michongoma. "Nenda," akasema.

Nilimkuta shosho amejifunga kitambaa kipya, na kabla sijaketi alikuwa ameshaniwekea chai. Uso wake ulikuwa umebadilika tangu nimjue, umejaa. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu ya kikarani. Akanitangulia.

"Msichana wangu, ni vizuri umekuja, wewe umesoma. Mwanangu anapiga siku hizi."

Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

"Alianza mwezi ule ule uliporudi. Kila jioni. Siku nyingine mara tatu, mara nne, anajaribu tu. Kengele inalia kidogo hivi, ti, ti, kwa sababu ni mbali. Nikiinua nasikia ile kelele ya ng'ambo, bahari na hayo mambo yote. Namwita. Naona naye ananiita lakini hatusikizani, halafu inakatika." Akacheka kidogo. "Miaka minane nilikuwa najiuliza kama yuko hai. Sikuwaambia watu, lakini nilijiuliza. Sasa najua. Nimewaambia akina mama wa ushirika, tumeshukuru, tumeimba."

Kisha akaniinamia. "Sasa wewe unajua hizi mashine. Nitengenezee hii laini, ili siku moja aingie vizuri."

Nilikuwa nimeshindwa kutengeneza laini hiyo kwa wiki sita, na sasa mtu alikuwa ananiomba niitengeneze ili apate kitu ambacho hakikuwepo upande wa pili. Ningesema neno hapo. Nililifungulia mdomo kabisa. Nikasema, "Nitaangalia, shosho."

Baba alikuwa mlangoni. "Umemwambia?"

"La."

"Mimi nimekwenda mara mbili," akasema. "Mara zote mbili nimekunywa chai nikarudi."

Tukakubaliana kwamba lililobaki ni mimi kuacha. Modemu ikinyamaza, kengele haitadonoa, naye atasahau polepole. Ndivyo tulivyojidanganya, watu wazima wawili. Nikawa nabeba disketi kila siku mpaka saiba moja ya Eastleigh, duka la kukodi intaneti, kwenye ghorofa ya tatu juu ya maduka ya mapazia, natuma kurasa zangu na kurudi. Mhadhiri akafurahi. Nilipokuwa pale nikaona nimtafute huyo kijana mwenyewe, kwani intaneti si ndiyo hii, dunia nzima iko ndani. Niliandika jina lake la kwanza na la pili, nikageuza, nikaandika kwa herufi tofauti. Niliwaandikia Wakenya wa miji mitatu ya ng'ambo nisiowajua hata kidogo. Wawili walijibu kwamba hawamjui, na mmoja akaniuliza kama nina mchumba.

Wiki ya pili ya kunyamaza kwa modemu, shosho alikuja kwetu. Tangu miguu imharibikie alikuwa hajapita lango letu. Alikuja na fimbo, kitambaa kimekaa upande, akasimama palepale sebuleni alipokuwa akisimama zamani.

"Ameacha," akasema.

Baba akampa kiti. Hakuketi.

"Siku kumi na mbili. Labda ni mgonjwa huko. Labda amechoka kuniita bila jibu, ameona huyu mama hata hajali." Akamgeukia baba. "Hebu niangalizie kama waya haujakatwa."

Baba akasema haujakatwa. Akasema ameuangalia asubuhi hiyo hiyo. Nikaona lazima niseme sasa, hata kama ni mimi nitakayechukiwa.

"Shosho, ule mlio unaousikia," nikaanza.

"Ule mlio ndio ulionionyesha yuko hai," akasema. Aliniangalia moja kwa moja, macho yake yakiwa mekundu, akingoja nimalizie. "Enhe. Ule mlio una nini?"

Nilimtazama baba. Baba aliangalia simu.

"Hurudi, shosho," nikasema. "Laini za mbali husumbua mara kwa mara, halafu hurudi."

Kesho yake saa kumi na moja jioni niliwasha kompyuta. Kurasa zangu nilikuwa nimeshazituma kutoka saiba, sikuwa na cha kutuma wala cha kupokea. Nikabonyeza. Ikahesabu namba, ikaanza kulia, na hata kwa mbali, kupitia ukuta na ua, nikasikia kiti cha shosho kikisukumwa. Kwa wiki sita nilikuwa nimeiombea ile modemu iunganike. Siku hiyo niliiomba isiunganike kabla hajafika.

Ikawa ndiyo kazi. Kila siku isipokuwa Jumatano na Jumapili, saa kumi na moja. Baba aliitazama saa yake ya reli na kusema, "Mama, wakati umefika," na mimi nikabonyeza. Mlio ulidumu ile nusu dakika yake kisha ukakata. Baba hakuniruhusu kurudia mara ya pili. Alisema laini lazima ikae wazi, huenda huyo kijana akapiga kweli. Alilisema bila kutabasamu, na sote wawili tukakaa tukiiangalia simu kwa muda. Haikulia. Haijawahi kulia kwa ajili hiyo.

Alinikataza pia nisiinue mkonga. "Hayo ni ya mtu na mtoto wake," akasema. Nilimwahidi, nikaitunza ahadi mpaka siku moja alipokwenda kwenye mkutano wa wazee, nami nikabonyeza peke yangu. Sitajitetea. Mkono wenyewe ulikwenda.

Shosho alikuwa amejua kwamba kuna nusu dakika. Hakupoteza tena muda kwa haloo. Alikuwa amechagua jambo moja la siku hiyo, akalisema upesi na wazi juu ya ile kelele, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Sikiza haraka kabla haijakatika. Kama ni aibu imekuzuia kurudi, njoo nayo hivyo hivyo. Mimi sitakuuliza kitu mlangoni. Nitakuuliza tu kama umekula."

Akakohoa. Ikakatika.

Niliketi mbele ya kompyuta na kuyaandika maneno hayo jinsi yalivyotoka, kikohozi na yote, kama nilivyoandika ya wale wazee wa kwenye kaseti. Ndiyo kazi niliyoijua. Kisha nikafungua barua pepe mpya na kuyaweka ndani. Juu, pale pa kuandika anayepelekewa, hapakuwa na kitu. Mshale ulikuwa ukipepesa hapo, na mimi niliuangalia mpaka giza likaanza kuingia chumbani na baba akarudi. Alisoma kioo akiwa amesimama nyuma yangu, hajavua koti. Hakunigombeza kwa kuvunja ahadi. Aliketi kwenye mkono wa kochi na kusema, "Sasa tutampelekea nani?"

Kesho yake hakunikataza kuinua. Saa ilipofika alinitikisia kichwa tu. Nikabonyeza, nikainua mkonga, nikaziba sehemu ya kusemea kwa kiganja. Kengele ya ng'ambo ya ua haikuwa imemaliza kudonoa na shosho alikuwa ameshainua. Nikamsikia akivuta pumzi. Nilidhani atasema tena habari ya aibu, au ya miguu yake.

"Umekula?" akauliza.

Halafu akanyamaza, akamwachia mwanawe sehemu yote iliyobaki ya nusu dakika ajibu. Modemu ililia mpaka mwisho. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na kiganja changu kilikuwa palepale kwenye mkonga.